Fagio na Matandazo

Neno matandazo halikukulia nyumbani kwetu. Nilipolisikia mara ya kwanza lilitoka kinywani mwa bwana shamba, na kwa miaka mingi nililihesabu kuwa neno la wenye migomba na kahawa. Mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa maana yake. Wazee wake walikata majani huko rweya, wakayabeba vichwani na kuyatandaza chini ya migomba ya kibanja ili udongo usikauke wala usichukuliwe na mvua. Mtu wa Kilimanjaro naye huyaacha majani makavu ya migomba yalale chini ya kahawa yake. Kwao hiyo ni kazi ya chakula na ya fedha. Lakini kutandaza kitu juu ya bustani ya maua, mbele ya nyumba, pale mgeni apitapo, tena kwa ajili ya kupendeza, hilo kwetu watu wa Tanga lilikuwa jambo geni. Hata leo wapo majirani wanaoliona kuwa ni uvivu uliopewa jina zuri.

Nami siwalaumu. Kwetu uzuri wa mbele ya nyumba ni uwanja mtupu, uliofagiwa kwa fagio la chelewa kabla jua halijatoka, ukabaki na mistari yake myembamba kama nywele zilizochanwa. Mtu akipita utamjua kwa nyayo zake. Nyoka akipita usiku, asubuhi utaona alikotoka na alikoelekea. Mama mwenye uwanja wa namna hiyo hana haja ya kumwambia mtu kwamba ameamka mapema. Tena uwanja ni mahali pa watu. Hapo ndipo mikeka hutandikwa siku ya harusi na siku ya msiba, hapo watoto hucheza, na hapo kunde hupukuchuliwa. Sasa mwendee mwanamke aliyelelewa hivyo umwambie kwamba utamwaga mabaki ya mbao mbele ya baraza lake na kuyaita pambo. Ukitoka salama, shukuru.

Nyumba yetu iko Muheza, juu ya mteremko unaoshuka hadi barabarani. Udongo wake ni mwekundu, ule ambao ukikauka ni vumbi na ukilowa ni sabuni. Tulipohamia mwaka 1988 baraza lilikuwa na ngazi moja tu, na mtu aliipanda bila kufikiri. Uwanja ulifagiwa kila siku, na kila siku fagio liliondoka na kiasi kidogo cha udongo ambacho jicho halikukiona. Ilipofika mwaka 1995 mume wangu aliweka jiwe pana chini ya ile ngazi, maana wazee walikuwa wakijikwaa. Kisha zikaja mvua za El Niño, zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997 zikaingia mwaka 1998. Zilipokatika, msingi wa nyumba upande wa bondeni ulikuwa wazi kiasi cha mtu kuingiza mkono chini yake, na mizizi ya mkilua wangu ilikuwa inaning'inia hewani.

Fundi tuliyemwita hakuanza kwa kuzungumzia saruji. Alituonyesha ukuta. Ukuta ule tulikuwa tumeupaka chokaa nyeupe, na sasa ulikuwa umevaa sketi nyekundu inayofika usawa wa magoti, kuizunguka nyumba nzima. "Huo udongo umepandaje huko?" alituuliza. Tone kubwa la mvua huanguka kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 30 kwa saa. Likikuta udongo mtupu huupiga na kuurusha chembe chembe. Chembe zinazogonga ukuta ndizo sketi, na zisizogonga ukuta hushuka na maji kwenda barabarani. Sisi tulikuwa na mfereji mzuri sana, lakini mfereji hushughulika na maji yanayokimbia. Tone lenyewe humaliza kazi yake kabla maji hayajaanza kukimbia. Kilichotakiwa ni kitu cha kupokea pigo lile badala ya udongo.

Ndivyo nilivyoanza, mwaka 1999. Kwetu Muheza kuna msitu wa kupandwa wa Longuza wenye mitiki, ile ambayo wazee wa pwani huiita misaji, na mabaki ya mashine za mbao hayakuwa haba. Si kila baki linafaa, hata hivyo. Vumbi la mbao ni laini mno. Likilowa hushikana likawa kama ngozi, maji yakapita juu yake bila kuingia, na likikauka huondoka na upepo. Maranda ni mepesi na yamejikunja, kwa hiyo huelea. Jirani yetu wa juu aliyatandaza mwaka uleule, na mvua ya kwanza ikatuletea yote mlangoni petu kama zawadi. Yanayokaa ni magome na vipande virefu vilivyochanika bila mpango, kwa kuwa vinaingiliana na kushikana vyenyewe kwa vyenyewe. Kadiri kipande kinavyokuwa cha umbo la ovyo ndivyo kinavyotulia. Nadhani ni kitu pekee bustanini ambacho ubaya wa sura ni sifa.

Mabaki yaliyokaa siku nyingi katika rundo lililolowa hutoa harufu kali kama ya siki. Yakimwagwa hivyo hivyo huunguza maua, basi huanikwa kwanza siku mbili tatu mpaka harufu ikaisha. Tena hayachanganywi na udongo. Vijidudu vinavyoozesha mbao hutafuta chakula chao kwenye udongo ule ule unaolisha maua, na mtu akiyafukia ataona majani yanageuka manjano. Mimi hutangulia kunyunyiza samadi kuukuu ya mbuzi, kisha ndiyo matandazo juu yake. Unene wake ni kidole changu cha kati kikisimama wima, sentimeta 7 hivi. Yakiwa membamba kuliko hapo magugu yatachungulia, na yakiwa manene mno maji ya manyunyu hayafiki chini. Shina la ua huachiwa nafasi ya upana wa kiganja, lisije likaoza kwa unyevu. Ndago, lakini, haijali unene wowote. Hutoboa na kutoka ikiwa imenyooka kama sindano, na dawa yake ni kuing'oa pamoja na kiazi chake.

Ili yasihame, pembeni mwa kila tuta nilichimba mtaro mdogo wa kina cha kiganja, ukingo wake nikaupanga mawe. Wengine hufukia chupa tupu vichwa chini, na zinapendeza zikipigwa na jua, ila watoto wakizivunja ni balaa. Maji hayakuwa adui wangu mkubwa. Adui wangu mkubwa alikuwa kuku. Kuku akiona matandazo huona karamu, maana chini yake kuna wadudu na nyungunyungu, na jike mmoja mwenye vifaranga anaweza kumaliza kazi ya siku nzima kabla chai haijachemka. Nilijaribu kuwafukuza, nikachoka mimi kabla yao. Mwisho nilikata matawi ya mlimao yenye miiba nikayalaza chini ya tabaka la juu. Kuku huchakura mara mbili, akachomwa, akaenda kwa jirani. Jirani hakupenda, lakini na yeye ana mlimao.

Haya yote nilikuwa nimeyajua vizuri, na bustani yangu ilikuwa na miaka minne, mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi mwanzoni mwa mwaka 2003. Baba mkwe alikuwa amefariki, na watoto wakakubaliana kwamba Mama asibaki peke yake. Alikuwa mzaliwa wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, akaolewa Tanga akiwa binti. Alikuja na sanduku moja, mkeka wake wa kuswalia, na mafagio mawili ya chelewa aliyoyafunga mwenyewe. Nilipoona yale mafagio ningetakiwa nijue kinachokuja, lakini siku ile kulikuwa na wageni wengi.

Kesho yake niliamshwa na harufu ya moshi. Mama alikuwa ameswali alfajiri, akachukua fagio, akaanzia barazani. Alikuwa ameyafagia matandazo yote ya mbele ya nyumba, kipande kwa kipande, akayakusanya chini ya mwembe na kuyatia moto. Uwanja na bustani vilikuwa vyekundu na safi, vyenye mistari iliyonyooka kama daftari. Alikuwa amekaa kwenye ngazi akipumzisha goti lake, jasho linamtoka, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyelipa deni.

"Mwanangu," aliniambia, "najua kazi ya shule inakuchosha. Usijali tena habari ya uwanja. Mimi nipo."

Nilimwambia, "Ahsante, Mama." Ningesema nini? Mkwe hasahihishwi, na zaidi ya hayo nilielewa alichokuwa akinipa. Mwanamke aliyeendesha nyumba yake kwa zaidi ya miaka 40 ameingia katika nyumba ya mwingine. Chakula si chake kupika, funguo si zake, wageni hawaji kwa ajili yake. Amezunguka akatafuta kazi moja ambayo haijashikwa na mtu, akaiona. Kumwambia kwamba uchafu alioufagia nilikuwa nimeununua kwa fedha na kuubeba kwa toroli ilikuwa ni kumwambia kwamba hata hapo hapana nafasi yake.

Usiku nilimgeukia mume wangu. "Mweleze mama yako," nilimwambia.

"Nimweleze nini? Kwamba amefagia?"

Basi ikawa hivyo. Kila alfajiri nililala nikisikiliza fagio likienda, chwa, chwa, chwa, na nikajikuta nahesabu udongo. Sitamficha msomaji kwamba lilikuwa jambo kubwa kwangu kuliko linavyosikika. Msingi ulikuwa umezibwa kwa gharama ambayo mshahara wa walimu wawili uliilipa kwa shida, na masika ilikuwa inakaribia.

Ile ya mwaka huo haikuchelewa. Kwa Idi Kubwa ya mwezi wa pili Mama alikuwa amemwita kijana akapaka ukuta chokaa upya, kwa fedha yake mwenyewe, na aliutazama ukuta ule kama watu wanavyotazama nguo ya sikukuu. Mvua tatu za kwanza zilitosha. Sketi nyekundu ilirudi mbele ya nyumba yote. Lakini nyuma, upande wa tangi la maji, ambako goti lake halikuwa limemruhusu kufika na fagio, matandazo yangu yalikuwa bado yako pale, na ukuta ulikuwa mweupe hadi chini.

Aliniita. "Mwanangu, hebu njoo." Alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, mahali ambapo mtu anaona pande zote mbili kwa pamoja. "Huku kwako kweupe," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na huku kwangu?"

Sikujibu.

"Nyamaza tu. Adabu yako naijua." Akakaa kimya, kisha akauliza, "Ile niliyochoma siku ile, mlinunua?"

"Kidogo tu, Mama."

Akacheka mpaka akashika ukuta.

Tulichokubaliana baada ya hapo alikichora yeye kwa ncha ya mkongojo. Kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe ni uwanja wa watu, utabaki mtupu, na ni wake. Kuanzia mwembe kushuka, na matuta yote ya maua, ni ya matandazo. Kisha akaniuliza habari ya nyoka, swali ambalo vitabu vya bustani vilivyoandikwa mbali havilijui. Nilimwambia nyoka hupenda rundo, hapendi sana tabaka jembamba linaloguswaguswa kila siku, na kwamba mimi mwenyewe nisingeweka mabaki ya mbao yakagusa nyumba, kwa sababu ya mchwa. Moyo wa mti wa mtiki huwashinda mchwa kwa muda mrefu, lakini magome na sehemu nyeupe ya nje huliwa kama mti mwingine wowote, na tabaka lililoegemea ukuta huwa njia yao iliyofichika hadi kwenye fremu za milango. Kwa hiyo kando ya ukuta tukaweka ukanda wa kokoto wenye upana wa nusu mita, tulizonunua kwa akina mama wanaozigonga kwa nyundo kando ya barabara. Tulitandika magunia ya katani chini yake zisizame katika tope. Kokoto hupokea tone la mvua kama matandazo yanavyolipokea, mchwa hawazili, na anayepita juu yake, awe nyoka au mwizi, huonekana au husikika. Mama aliupenda ukanda ule kwa sababu ulifagilika.

Lilibaki tatizo moja ambalo sikuwa nimelipatia dawa tangu mwanzo. Chini ya ngazi za kushukia barabarani mteremko ni mkali, na hapo hata magome yalihama. Mvua ikinyesha kwa nguvu nilikuta yote yamelala kwenye mtaro wa chini, nikayapandisha tena kwa ndoo. Mama aliniangalia nikifanya hivyo mara mbili. Ya tatu aliniambia nimtafutie makumbi.

Huko alikozaliwa, makumbi ni kazi ya wanawake. Huyafukia pwani katika mchanga unaofunikwa na maji ya bahari kila yakijaa, wakayagandamiza kwa mawe na kuyaacha miezi mingi yaoze kile kinachooza. Halafu huyafukua, wakayapiga kwa gongo mpaka usumba utengane, wakausuka kamba. Mama alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu utotoni na mikono yake ilikuwa inaikumbuka. Kwetu hakuna bahari karibu, basi aliyaloweka katika pipa, na kila baada ya siku chache alimwaga maji yaliyokuwa mekundu kama chai ya rangi, akajaza mengine, mpaka yalipotoka meupe. Alisema kumbi bichi lina ukali ambao hata mchicha hauupendi, na ni kweli, kuna chumvi na ukakasi ndani yake unaodhuru mimea michanga. Kisha aliyapiga, lakini hakuyamaliza. Alipiga upande mmoja tu wa kila kumbi, nyuzi zikafunguka kama vidole, upande wa pili ukabaki umeshikana.

Upangaji wake ndio ulionishangaza. Alianza chini, karibu na barabara, akalaza safu ya kwanza kukingama mteremko, ngozi juu na nyuzi chini zikiuma udongo. Safu ya pili ikalalia kidogo ile ya kwanza, ya tatu ikalalia ya pili, hivyo hivyo mpaka kwenye ngazi. Alikuwa anaezeka makuti. Ardhi ile aliiona ni paa, nami nilikuwa nimehangaika nayo miaka minne nikiiona ni sakafu. Alipigilia vijiti vya mkarafuu-maji huku na huku, akaosha mikono, akaniambia kama mvua itayachukua haya basi itachukua na nyumba. Masika ya mwaka 2004 hayakuchukua hata moja.

Tangu hapo hakuwa mtu wa kuvumilia matandazo tu. Akawa mlinzi wao. Na hapa niseme ninachoamini kuhusu wale wanaosema matandazo ni ya wavivu. Matandazo yaliyotandazwa mara moja na kuachwa mwaka mzima hufanana kabisa na jina wanaloitwa na majirani, yaani taka. Jua huyafifisha. Mabaki ya mtiki yakiwa mapya yana rangi ya asali, na baada ya miezi michache juu yamekuwa na rangi ya majivu. Mvua huyabana. Majani ya mwembe huyaangukia. Wenye haraka huongeza tabaka jipya juu kila yanapochakaa, na baada ya miaka mitatu ua limezikwa mpaka kiunoni. Kumbe rangi haijaisha, imekwenda chini. Ukiyapindua kwa reki polepole, yale ya chini yakaja juu, bustani inakuwa mpya kwa kazi ya asubuhi moja, wala hukununua kitu. Nyongeza ya kweli inayohitajika ni tabaka jembamba la vidole viwili mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, kufidia yaliyokwisha kuwa udongo. Mtoto wa kaka yangu aishiye Marekani alitutumia picha za bustani za huko zenye vipande vya mbao vilivyotiwa rangi nyekundu na nyeusi kiwandani ili visififie upesi. Rangi zenyewe, alivyoeleza, ni za madini ya chuma na za masizi. Mama alizitazama picha zile kwa makini, akauliza kama na udongo wa huko nao hupakwa.

Njia yake yeye ilikuwa fagio lile lile. Aligundua kwamba fagio jipya huchimba, lakini fagio kuukuu, ambalo ncha zake zimelika zikawa butu, likilazwa likapitishwa kwa mkono mwepesi, huchukua majani makavu na kuyaacha magome mahali pake. Kwa hiyo mafagio yakawa na vyeo. Jipya lilikuwa la uwanja. Likizeeka lilistaafu kwenda bustanini. Makumbi ya mteremkoni aliyageuza kwa mkono moja moja wakati wa kiangazi, kama mtu anayegeuza samaki juani. Kazi ya alfajiri ikawa ndefu kuliko zamani, na sikumwona akilalamika, ila siku moja tu, baada ya mvua ya usiku, alipokuta povu zito la manjano limekaa juu ya magome chini ya asumini. Alidhani mtoto wa jirani ametapika, akaenda kuuliza afya yake. Ni kitu kinachofanana na ukungu kinachoota penye mbao zinazooza, hakina madhara, hukauka chenyewe baada ya siku chache. Nilimweleza hivyo. Alisikiliza, akakubali, halafu akaenda akakizoa kwa kifuu na kukitupa mbali.

Wenzake waliokuja kumjulia hali walishangaa. "Bi Mkubwa, mbona hapa hamjafagia?" walimwuliza, wakionyesha matuta kwa kidole. Naye aliwajibu kwa utulivu, akiendelea kuchambua mchele:

"Tumefagia. Tazameni ukuta."

Alifariki mwaka 2016, wakati wa vuli. Watu walikuja wengi kuliko uwanja ulivyoweza kuwapokea. Mikeka ilijaa hadi mwembeni, ikapita mwembe, ikaingia katika matuta. Mafiga ya kupikia yaliwekwa juu ya magome, maji ya kuoshea mchele yakamwagwa kwenye waridi, na mteremkoni watu walipanda na kushuka juu ya makumbi yake siku tatu mfululizo, mvua ikinyesha. Jirani wa juu aliniambia kwa huruma kwamba bustani imekwisha. Sikuwa na moyo wa kuitazama.

Baada ya arobaini nilitoka na reki, pamoja na binti yangu mdogo. Magome yalikuwa yametawanyika hadi barabarani, tukayarudisha kwa toroli. Chini yake udongo haukuwa mwekundu. Ulikuwa mweusi, laini, wenye nyungunyungu, na ulipobanwa katika kiganja ulishikana bila kuteleza. Lile jiwe alilowekea mume wangu ngazi mwaka 1995 lilikuwa limezama nusu yake, kwa kuwa udongo ulikuwa umepanda. Makumbi ya mteremkoni yalikuwa yamepasuka hapa na pale kwa miguu ya watu, lakini safu zilikuwa bado zinaonekana. Hatukuyagusa. Ya mwisho yaliisha mwaka 2020, yakawa nyuzi, kisha hata nyuzi zikawa udongo, na sisi tukapanga mengine kwa kuanzia chini kama alivyotuonyesha. Yetu hayajakaa sawa na yake, maana hatujui kupiga, tunapasua tu.

Sasa binti yangu, ambaye ameshakuwa na nyumba yake lakini hushinda kwetu, ana wazo lake. Ameona Dar es Salaam mbele ya maofisi mawe madogo meupe yaliyotandazwa kuzunguka maua, na anasema hayo hayaozi, hayafifii, kuku hawayawezi, tutayanunua mara moja tukapumzika. Nimemwambia mawe hayaozi ndiyo, lakini hayalishi ua, hupata moto mchana, na mawe meupe juu ya udongo mwekundu yatakuwa ya rangi gani baada ya masika ya kwanza. Ananijibu kwamba yanaoshwa. Hatujaelewana. Nimemruhusu anunue gunia moja, alitandaze kule nyuma upande wa tangi la maji, na tuliache hapo mpaka mvua zije.